Mtungi wa Betri

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikifumba macho tu naiona yote mbele yangu, pamoja na harufu yake. Ni siku mjomba wangu Gwakisa alipoteremka kwenye mtumbwi amekumbatia sufuria linaloongea. Usicheke. Wewe unacheka kwa sababu ulizaliwa ukaikuta simu mkononi mwa mama yako, hata ziwa ulinyonya huku simu inalia. Sisi tulikuwa watu wenye akili zetu timamu, na tulikimbia. Mimi mwenyewe nilikimbia mpaka nguo yangu ikabaki imenasa kwenye matete.

Nakuita mwanangu ingawa u mjukuu wangu, maana nina neno la kukuambia ambalo huambiwa mtoto. Jana niliona ukiitoa betri ya simu yako, ile iliyovimba, ukaitupa kwenye moto wa takataka kule nyuma ya migomba. Nikapiga kelele. Ukageuka ukaniuliza, "Bibi, si kidude tu?" Nilikuwa sina pumzi ya kukujibu. Leo ninayo. Hebu iweke hiyo simu mpya chini, igeuze uso, kisha unisikilize. Haitakufa ikikaa kimya kidogo.

Sisi asili yetu ni watu wa ufukweni. Hapa Bujonde niliolewa tu. Kijiji chetu kilikuwa mbele kidogo ya Lyulilo, mahali ambapo milima imeshuka mpaka majini bila kuacha nafasi ya barabara. Kila kitu kilikuja kwa mtumbwi: chumvi, mchungaji, barua za serikali ya Mwingereza, hata bibi harusi. Wanaume walivua. Wanawake walifinyanga vyungu, na vyungu vyetu vilipanda mitumbwi kwenda kuuzwa kila pembe ya upande huu wa kaskazini wa ziwa.

Mama yangu aliitwa Sekela. Kama ungemjua, ungejua vitu viwili vyake: mikono na sauti. Mikono yake ilifinyanga mtungi mkubwa wa kumficha mtoto mzima ndani, na kuta zake zilikuwa nyembamba kuliko unavyoweza kuamini. Sauti yake ndiyo usiniulize! Baba akiwa mbali majini na wavuvi wenzake, mama alisimama juu ya jiwe akaita mara moja tu, "Ipyanaaa!" Kule mbali ungeona kasia moja limeinuliwa juu. Watu wa Lyulilo walikuwa wanatutania kwamba wakimsikia Sekela wanajua kwetu chakula kimeiva.

Sasa nikueleze jinsi mfinyanzi wa kwetu anavyofanya kazi, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Hakuwa na mizani wala kipimo. Alipima kwa mwili wake. Udongo aliuonja. Alichukua kipande, akakiweka ulimini, akafunga macho, halafu akatema na kusema, "Huu una mchanga," au, "Huu umetulia, tuufanyie kazi." Sikuwahi kumwona mama anafinyanga udongo ambao hajauonja. Na chungu kikishatoka motoni alikikunjia kidole akakigonga, akatega sikio. Kikiwa kizima kinalia vizuri, sauti inakaa hewani. Kikiwa na ufa kinatoa mlio kama wa mtu anayekohoa. Basi.

Mjomba Gwakisa alikuwa mdogo wake mama, kijana wa maneno mengi na mwenye moyo mzuri. Alikwenda kuchimba shaba ng'ambo huko Rhodesia kama walivyokwenda vijana wengi wakati ule. Akakaa mpaka tukaanza kusema labda ameoa hukohuko. Ndipo siku hiyo akaonekana. Alikuwa amevuka mto Songwe pale Kasumulu, akatembea mpaka Matema, akaomba mtumbwi. Ana viatu miguuni! Akashuka majini na viatu vyake vyote, mikono juu, asije akalowesha mzigo.

Tuliacha udongo, tukamzunguka. Mzigo wenyewe ulikuwa kitu cha bati, cha duara, kimepakwa rangi ya buluu, kama sufuria lililofunikwa na kuinuliwa wima. Pembeni yake palikuwa na kitu kingine kizito kama tofali. Mjomba akasema hicho ndicho chakula chake, kinaitwa betri. Akachukua waya, akaufunga juu ya mwanzi mrefu, akausimamisha uani kwa mama. Sisi tunatazamana tu.

Mama akasogea. Mikono yake imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Akakunja kidole, akaligonga lile sufuria kama anavyogonga vyungu vyake, akatega sikio. "Kizima," akasema.

Hajamaliza neno, mwanamume akazungumza kutoka ndani.

Haki ya Mungu, mwanangu, nywele zilinisimama. Akina mama walitawanyika kama kuku. Mmoja aliingia majini mpaka kiunoni. Mimi nimeshakuambia habari za nguo yangu. Nilipojikaza nikarudi, nilimkuta mama yuko palepale, hajasogea hata unyayo. Amenyoosha mkono wake wa udongo mbele ya lile sufuria kama mtu anayeota moto, na machozi yanamtoka. Yule mtu alikuwa anazungumza Kiswahili kilichonyooka, anatusalimu kutoka Daresalamu. Daresalamu! Sisi Mwaya tu hapo jirani tulikuwa tunaiona mbali.

"Gwakisa," mama akauliza polepole, "mtu huyu anajua kwamba tunamsikia?"

"Hajui, dada."

"Maskini," mama akasema. Akaifuta mikono yake kwenye nguo, akapiga magoti kidogo, akaitikia ile salamu hivyohivyo.

Nimeona mengi tangu siku ile. Nimeona umeme ukiingia Kyela, nimemwona shangazi yako kwenye kioo cha simu akiwa ughaibuni anapika, tunaongea naye kama yuko jikoni. Lakini mshangao wa siku ile haujanitoka. Kwamba mtu anasema neno mahali, na neno linavuka milima na mapori na maji, linakuja kutua uani kwenu bila kuchoka! Nyinyi mmezoea, ndiyo maana hamshangai. Mimi nasema anayeshika kitu kama hiki bila kushangaa hata kidogo, hicho kitu kitamshinda siku moja.

Basi, kuanzia hapo kila jioni kijiji kizima kilikuwa uani kwetu kusikiliza redio, ndivyo Mjomba alivyoliita lile sufuria. Tulipata mema, sikatai. Kiswahili hiki ninachozungumza nawe nilikiongezea pale. Tulisikia habari za bei ya mchele, habari za mvua, nyimbo za watu tusiowajua. Wazee walisikia mambo ya dunia wakajadiliana mpaka mate yakakauka. Lakini na kitu kingine kiliingia kijijini, na nakumbuka kabisa siku kilipoingia. Bibi mmoja jirani alikuwa anasimulia habari za mgonjwa wake. Kijana mmoja, mkwe wake kabisa, akainua kidole akamwambia, "Shii!"

Uwanja mzima uliganda. Kwetu mkwe hata jina la mama mkwe halitamki. Lakini sufuria lilikuwa linaendelea kuongea, na kila mtu alitaka kusikia, basi tukanyamaza. Yule bibi akanyamaza pia, akajikunja kwenye nguo yake. Kesho yake shii zilikuwa mbili tatu. Baada ya muda hata watoto walikuwa wanatushiiia. Mitumbwi ikawa inafika ufukweni jioni bila mtu wa kuipokea, na kwetu kutompokea mtu anayetoka majini lilikuwa jambo la aibu. Baba mwenyewe alivuta mtumbwi wake peke yake siku moja, akaja akasimama nyuma ya watu, samaki mkononi, hakuna aliyemgeukia. Aliwaweka samaki chini akaanza kuwasafisha.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaposwa. Babu yako Ambakisye alikuwa kijana wa huku Bujonde, mkulima wa mpunga, mpole, masikio makubwa. Harusi ilikuwa inakaribia. Na binti wa ufukweni akiolewa bara, kwetu hakuondoka hivihivi. Mama yake alimfinyangia vyungu vya nyumba nzima: cha maji, cha kupikia, cha kuhifadhia mbegu, vyote vikajaa mtumbwi. Halafu mtumbwi unaposukumwa, mama anasimama juu ya jiwe anamwita binti kwa jina lake. Binti anaitikia. Mtumbwi unakwenda, anaitwa tena, anaitikia tena, mpaka sauti zisipofikiana. Pale zinapokatikia ndipo unahesabiwa umeondoka kwenu. Wasichana wenzangu walikuwa wananionea wivu. "Wewe na sauti ya mama yako, utaitwa mpaka ufike Mwaya!" Nami nilikuwa naisubiri siku hiyo kuliko hata huyo bwana harusi. Usimwambie mtu.

Betri ikafa.

Ungemwona Mjomba ungemhurumia. Aliianika juani, akaigeuzageuza, akaitingisha kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Ikakataa. Akasafiri mpaka Kyela akaleta nyingine, nayo baadaye ikafa, akaleta nyingine tena. Zile zilizokufa zilitupwa nyuma ya nyumba yetu, karibu na dimbwi ambalo mama alilowekea udongo wake. Watoto wakazipasua. Ndani mkatoka vijiti vyeusi vya kuchorea mawe, na unga mweusi wenye unyevu.

Mama aliuona ule unga kwenye mikono ya watoto. Akawashika mikono, akaigeuza juani. Wewe hujui, mwanangu, mfinyanzi wa kwetu alikuwa na rangi mbili tu: nyekundu ya udongo na nyeupe ya udongo. Weusi wa masizi hutoka ukiusugua. Huu haukutoka. Waliosha, wakasugua kwa mchanga, wapi! Nilimwona mama anavyoutazama, nikajua ameshanaswa.

Akachukua kidogo kidoleni. Akauweka ulimini. Akafunga macho.

"Una chumvi," akasema. Akatema, akafikiri, akauonja tena. "Una chumvi, halafu unauma." Lakini hakuutupa.

Alijaribu kwenye kibakuli kimoja. Alichanganya unga na udongo mwekundu, akapaka, akasugua kwa kokoto yake laini, akakichoma pamoja na vingine. Kilipotoka, tulinyamaza wote bila mtu kuambiwa shii. Kilikuwa cheusi, cheusi hasa, chenye kung'aa, ukiinama unaiona sura yako. Wanawake wa kijiji chote walikuja kukishika. Mmoja alikibusu. Mama akanigeukia akaniambia, "Tupokigwe, utakwenda Bujonde na vyungu ambavyo hakuna mwanamke aliyewahi kwenda navyo tangu ziwa hili liwe ziwa." Nikamrukia shingoni.

Tukafanya kazi, mimi na yeye. Mjomba alifurahi, alizileta betri zote zilizokufa, hata za majirani wa Matema waliokuwa na redio zao. Mama alizitwanga, akazichekecha, akaonja kila fungu asije akakosea. Mikono yake ikaanza kuchubuka. Akapaka mafuta, akaendelea. Kule dimbwini alikosafishia kinu, vile visamaki vidogo vinavyoingia na maji ya mvua vikageuka matumbo juu, vyeupe vimejaa kama mchele uliomwagika. Baba akavionyesha. Mama akasema ni jua kali. Mtu akipenda kitu huwa hivyo, anakitafutia maneno.

Siku ya kuchoma ikafika. Kwetu tunachomea ufukweni, mahali pa wazi. Unapanga vyungu, unavifunika kwa matete na mianzi na magome makavu, unawasha. Mwenye vyungu haondoki. Anauzunguka moto, anaongeza hapa, anafunika pale, maana upepo ukigeuka mahali moto umepungua, chungu kinapasuka. Ilikuwa asubuhi nzuri, ziwa limelala. Nyuma kidogo, uani kwetu, redio inaimba.

Moto uliposhika, moshi ulitoka mweupe. Moshi wa matete naujua, ni wa kijivu na unapanda. Huu haukupanda. Ulikaa chini mzito, ukatambaa juu ya mchanga, na ulipotugusa uliuma macho na koo kama pilipili. Wanawake wakarudi nyuma wanakohoa. Mimi nikarudi. Nikapiga kelele, "Mama, toka!" Ananionyesha kwa mkono: upande huu moto umelegea. Vyungu vyangu, unaelewa? Vya harusi yangu. Akavuta nguo akaziba pua, akaingia ndani ya ule moshi na furushi la matete.

Nilimwita. Nilimwita kwa sauti yangu yote. Sikusikia jibu lolote ila ule wimbo wa redio nyuma yangu.

Mjomba ndiye aliyeingia. Alikimbia na viatu vyake vile, akatoka amembeba mama begani, wakaanguka wote majini. Mama alikuwa anafungua mdomo kama samaki, hewa haiingii. Baba akaja mbio, wakamlaza ndani ya mtumbwi, wakampeleka Matema kwa mganga wa misheni. Mimi nilishikilia kichwa chake njia nzima. Nilikuwa namwomba Mungu vyungu vyote vipasuke, hata nyumba yetu ianguke, ilimradi ule mdomo uvute hewa.

Ukavuta. Alikaa kule mpaka wali mpya ukaingia majikoni, akarudi nyumbani kwa miguu yake, amekonda. Mganga alisema ule moshi ulikuwa na sumu ya zile dawa za betri, umemuunguza kifua na koo. Atapona, lakini si yote. Na kweli. Mama alipotaka kunisalimu asubuhi ya kwanza nyumbani, aliweka mkono kifuani akasema, "Ugonile," kwa sauti ya mtu anayekuambia siri. Nikasubiri aseme tena vizuri. Ndiyo hiyo ikawa sauti yake mpaka alipozikwa.

Nililia, mwanangu. Sauti ya mtu wa Daresalamu ilikuwa inatufikia bila shida, na ya mama yangu haikuvuka hata uwanja.

Mjomba alikuwa hali chakula. Siku hiyo mama aliporudi, Mjomba alilibeba lile sufuria lake, akang'oa waya, akateremka nalo ufukweni tukimtazama. Alitaka kulitosa. Mama akanishika mkono tukamfuata polepole. Akafika karibu kabisa, maana ilimbidi awe karibu ndipo asikike, akamshika bega.

"Gwakisa, ziwa limekukosea nini?"

Mjomba akabaki ameliinua juu.

"Ukilitupa humo litakuwa limekwenda wapi?" mama akamnong'oneza. "Sisi hapa ndipo tunapochota. Baba Tupokigwe anavua humo. Mimi nilidhani kitu kikifa kimekwisha, nikakila, nikakivuta. Hakikuwa kimekwisha. Lirudishe nyumbani. Kazi yake nzuri, liongee. Lakini watu wakishamaliza kuongea."

Mjomba alikaa chini kwenye mchanga akalia kama mtoto, na sufuria lake mapajani.

Vile vyungu? Havikupasuka hata kimoja. Ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Baba alikuwa amevipanga ndani, vyeusi, vinang'aa, vizuri kupita chochote nilichowahi kukiona kikitoka mikononi mwa mwanadamu. Mama alivigonga kimoja kimoja, vyote vikalia. Akavitazama siku nzima. Halafu akasema havitakwenda Bujonde, maana hatamtilia mwanawe maji ndani ya kitu kilichoua samaki. Akachukua mchi akavivunja kwa mkono wake mwenyewe. Sikuweza kutazama.

Baada ya hapo, ingawa hali yake ilikuwa mbaya na kifua kinapiga filimbi, alifinyanga mtungi mmoja. Mkubwa, kuta nene, mdomo mwembamba, bila rangi. Tulidhani ni wa harusi. Kumbe alikusanya vile vigae vyeusi, majivu ya ule moto, unga uliobaki na kila betri iliyokuwa nyuma ya nyumba, akaviingiza humo. Akaufunika kwa kigae, akauziba kwa udongo, tukaupandisha mlimani mahali pakavu, juu ya maji yote, chini ya mwamba usiopitiwa na mvua. Kuanzia hapo betri ikifa pale kijijini ilipelekwa kwenye mtungi wa Sekela. Watoto walikuwa wanazisindikiza kama maiti, wanaimba. Na jioni uani kwetu, kabla Mjomba hajaliwasha sufuria, kila aliyetoka majini alisalimiwa kwanza na kila mwenye habari aliisema. Yule bibi jirani alipewa kigoda cha mbele.

Siku yangu ya kuondoka ikafika. Mtumbwi ulikuwa umebeba chungu kimoja tu cha maji, kile cha zamani cha mama mwenyewe, kina weusi wa kushikwashikwa shingoni. Niliona aibu kwenda bara na chungu kimoja, lakini aibu haikuwa kitu. Kilichokuwa kinanichoma ni lile jiwe. Nilikaa ndani ya mtumbwi nimeinamisha kichwa. Sikutaka kumwona amesimama pale hana sauti.

Baba akasukuma. Tukaelea.

Nikasikia, buuu.

Nikainua uso. Mama alikuwa juu ya jiwe, amekumbatia mtungi mtupu kifuani, anapiga mdomo wa mtungi kwa kiganja chake. Buuu. Sauti nene, ya chini, inakuja juu ya maji yenyewe. Nyuma yake kijiji kizima kimesimama, Mjomba mbele yao, na hakuna aliyekohoa. Hakuna mtoto aliyelia. Redio imezimwa. Nikasimama, mtumbwi ukayumba, nikaitikia kwa nguvu zangu zote, "Bee, mama!"

Buuu.

"Bee, mama!"

Tukaenda hivyo. Ufukwe ukawa mdogo, watu wakawa kama nukta, milima ikabaki, na bado nasikia. Sauti yake ya zamani isingefika pale, nakuapia. Ilifika mahali sikujua tena kama ni mtungi au ni moyo wangu mwenyewe unapiga, lakini niliendelea kuitikia. Wapiga makasia walikuwa wanafuta macho.

Mama mkwe wangu alinipokea hapa uani. Akachungulia nyuma yangu, akaona chungu kimoja, akaniuliza mama yangu yu hai? Nikamwambia yu hai. "Basi umekuja na vingi," akasema, akakipokea kwa mikono miwili. Ndaga fijo, asante sana kwake, alale pema.

Sasa mwanangu, simama, nenda pale chini ya pembe ya paa langu, nyuma ya debe. Ule mtungi uliofunikwa. Ulidhani ni wa mbegu, eh? Niliufinyanga mimi, mwaka wa kwanza nilipofika. Humo mna betri za redio ya babu yako, za tochi zote za nyumba hii, na simu za baba yako zilizokufa. Hata ile yako ya jana niliitoa kwenye majivu kwa kijiti, ipo humo. Nimezilinda zisifike kwenye mpunga wala kwenye kisima. Lakini mimi najua kufinyanga tu. Nasikia siku hizi wapo watu wanaojua kuvifungua vitu hivi na kuvimaliza salama. Watafute. Wewe una hiyo simu inayojua kila kitu, iulize! Kulinda nimelinda mimi, kufikisha mfikishe nyinyi.

Na ushike neno langu. Kishangilie kitu kipya, maana ni kazi ya akili aliyotupa Mungu, nami siwezi kumsema vibaya yule mtu wa Daresalamu aliyemliza mama yangu. Lakini kabla hujakipenda sana, uliza kikifa kitalala wapi. Usikitupe motoni, usikitupe majini, usikifukie penye mizizi ya chakula chako. Visamaki vikianza kugeuka usiseme ni jua. Na mtu akiongea na wewe, yuko mbele yako, ana pumzi, inua uso. Usimshii mtu kwa ajili ya kitu ambacho hakijui kwamba unakisikia.

Njoo nikuwekee mkono kichwani. Kyala, Mungu wetu, akupe mikono yenye kazi, kifua chenye hewa safi, na maji yasiyokudhuru wewe wala watoto wako. Akupe kushangaa mpaka uzeeni. Na popote maisha yatakapokupeleka, hata uende mbali kiasi gani, nyuma yako asikosekane mtu wa kukuita, nawe usikose kuitikia.

Haya, chukua simu yako sasa. Mpigie mama yako. Akisema "haloo," nyamaza kidogo kwanza, usikilize ile sauti.